Raba ya Nyuma Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Dada,

Salamu nimempa dereva wa basi pamoja na bahasha hii. Akikuletea bahasha bila salamu, mdai. Mimi mzima. Baba mzima wa mwili.

Usishangae nakuandikia barua kama mtu wa zamani. Simu imenishinda. Kila ikilia Baba anakuja mbio anataka kuongea na Mama. Nikimwambia ni wewe, anasema sawa, basi nikwambie umwite Mama. Juzi umemsikia mwenyewe. Ukanyamaza, na mimi nikanyamaza, mpaka salio likaisha hakuna aliyesema kitu. Bora karatasi, yenyewe haimsikii.

Habari kubwa ni kwamba nimemfunua Bi Mdogo.

Ndiyo, gari la Baba. Turubai lilikuwa limegandana na rangi, nikalibandua kama ganda la kidonda. Kuku wa mama jirani walishahamia kiti cha nyuma, mmoja alikuwa anaatamia, nikamwomba radhi nikamhamisha na mayai yake. Unakumbuka Mama alivyokuwa akiliita hilo gari mke mwenzake? Angemwona sasa angemsamehe. Matairi yamelala chini, springi zimekaa, injini imekwama haizunguki hata ukining'inia kwenye spana kama nguo.

Utauliza mimi na magari wapi na wapi. Mimi ni mtu wa kuuza vioo vya taa, redio zinazosikika upande mmoja, na kiatu kimoja kama mteja ana haraka. Jina lenyewe la Upepo nililipata kwa kujaza watu upepo kwenye baiskeli. Lakini nimemshikia Baba tochi utoto wangu wote, na kwa yale nisiyoyajua nimempata Fundi Kimya wa pale kona, ambaye haongei, kwa hiyo tumegawana kazi vizuri.

Sababu ni hii. Kila jioni Baba anavaa kofia yake ya teksi, anachukua begi, anakwenda kusimama getini. Anasema nimpeleke nyumbani. Namwambia Baba, hapa ndipo nyumbani, umepajenga mwenyewe, hata huu ufa ukutani ni wako. Ananitazama kwa adabu, kama alivyokuwa akimtazama abiria aliyelewa. Ananijibu, "Sawa bwana. Lakini mimi jioni nalala kwangu."

Nikawaza, mtu akitaka kupelekwa nyumbani, mpeleke. Nimpakie kwenye gari lake mwenyewe, tuzunguke, nimrudishe hapahapa. Atashuka aingie ndani, basi.

Mdogo wako,
Upepo


Jumapili, 10 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na unyoya wa kuku pia umefika, ulikuwemo kwenye bahasha.

Sikukatazi kucheka, tangu zamani hiyo ndiyo dawa yako. Lakini Baba si biashara ya kujaribu. Gari limelala tangu Mama azikwe. Utalifufua leo ili iweje? Nani anamwangalia ukiwa chini ya injini? Geti mnafunga? Anatoka? Niambie ukweli.

Mimi nimeshapata mahali. Nyuma ya hospitali yetu kuna nyumba ya wazee. Usiseme sipajui. Mashuka yao yanakuja kwangu dobi, nayafua mimi na wenzangu. Ukifua shuka la mtu unajua analalaje, anahangaika au anapumzika, anageuzwa au ameachwa upande mmoja. Hawa wanalala vizuri. Wamesema kitanda kitakuwa wazi mwisho wa mwezi. Jumamosi ya tarehe 30 gari la hospitali linapita huko kuchukua vifaa, nitakuja nalo kumchukua Baba.

Mwandalie nguo zake. Kofia usiisahau.

Dada yako


Ijumaa, 15 Machi

Dada,

Geti tunafunga. Baba hatoki. Siku moja tu tumetembea kidogo hadi kituo cha teksi, kwa ajili ya afya.

Sasa nikupe habari tamu. Injini imeachia! Tulizijaza silinda dizeli tukaziacha ziloweke, kila asubuhi naijaribu inakataa. Jana Fundi Kimya akasukuma mara moja tu, ikalalamika, ikazunguka. Kimya akasema, "Eh." Hiyo kwake ni hotuba. Tumeishusha, pistoni tumezivalisha ringi mpya, krenki ipo kwa yule mkereza vyuma, kabureta nimeisugua kwa mswaki wangu, kwa hiyo siku hizi nasafisha meno kwa kidole.

Na Baba, Dada, ungekuwepo. Nimemwekea kiti kivulini. Nalegeza nati ya chini, nanyoosha mkono nyuma natafuta spana kwa kupapasa, naona imewekwa kiganjani. Namba yenyewe. Sikuiomba. Nikageuka, nikamwona ameshashika inayofuata, ananingoja. Tukafanya hivyo mpaka jua likahama. Mwishoni akaniuliza, "Wewe fundi, baba yako ni nani?"

Nikamjibu ni dereva.

"Dereva mzuri?"

"Mzuri sana. Hapigi honi ovyo."

Akacheka, Dada. Meno yote. Akasema honi ni ya mbuzi na walevi.

Miguu ya gari nayo nimeifanya yote. Springi mpya, shokapu mpya, na zile raba za kuzuia vyuma visigongane, zote zilizoliwa nimezing'oa nikaweka mpya. Bi Mdogo akipita kwenye shimo utadhani anapita juu ya godoro. Hakuna kinachogonga wala kulia. Raba za zamani nimezitupa, isipokuwa moja nene nimeipa kazi nyingine, nimeisukumia chini ya mguu wa kitanda cha Baba kilichokuwa kinayumba. Kwangu hakuna kitu kinachostaafu.

Nipe nafasi nijaribu kabla ya tarehe 30. Hilo tu.

Upepo


Jumanne, 19 Machi

Upepo,

Kwa ajili ya afya!

Dereva wa basi ameniambia yote, na alidhani najua. Kwamba Baba alitoka peke yake kwenye mvua. Kwamba mtaa mzima ulimtafuta mpaka taa zikawashwa, na akakutwa kituoni ndani ya teksi ya mtu, amekaa kwenye usukani, ameloa chapachapa, anamsubiri abiria. Kwamba wewe ulilia pale mbele za watu. Mimi dada yako naambiwa habari za machozi yako na dereva wa basi.

Nami nikwambie langu basi, kwa kuwa umekuwa ukishangaa kimyakimya kwa nini siji. Nilipokuja mara ya mwisho, nilikuwa namkunjia blanketi, akaniuliza, "Nesi, wananiruhusu lini kutoka?" Nikamwambia kesho. Nikaenda kukaa chooni. Tangu siku hiyo kila nikikata tiketi namwachia mtu mwingine. Naogopa kuingia nyumbani kwetu na kuwa nesi.

Tarehe 30 iko palepale. Kitanda nimeshakitandika kwa mikono yangu.

Dada yako


Jumapili, 24 Machi

Dada,

Nilikuficha nikijua ukisikia utamchukua. Ndiyo hivyo, sina maneno mengine ya kupambia.

Jana tumetoka na gari.

Liliwaka mara ya pili tu. Moshi kidogo, halafu likatulia, likawa linaunguruma taratibu. Baba alikuwa getini na begi lake kama kawaida. Nikamsimamishia mbele. Akafungua mlango, akaketi, mkono ukaenda wenyewe kwenye kile kishikio cha kioo kilichokatika, ukazungusha ile nusu iliyobaki. Nikasema moyoni, nimempata.

Tukazunguka. Barabara ya sokoni, ya shule, tukapita kituo chake cha teksi, wenzake wakasimama wakampungia. Akawapungia. Jua linashuka nikageuza, nikapita juu ya lile bamba la mtaro pale getini, gari likateleza kama halijagusa kitu. Nikazima. Nikamwambia tumefika.

Hakushuka. Alikaa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayengoja kitu. Nikangoja naye. Halafu akanigeukia, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Akasema, "Kijana, umenileta kwa watu. Gari hili si langu na nyumba hii si yangu. Geuza."

Nikageuza. Nikazunguka tena, nikarudi. "Geuza." Nikazunguka mpaka mafuta yakaisha, tukalisukuma mimi na Kimya, Baba ndani na begi lake mapajani. Kumwingiza ndani ilibidi tumbebe. Baba yangu, Dada. Nimembeba mlangoni kwake anapiga mateke, anaomba watu wamsaidie.

Nguo zake nimezikunja. Njoo umchukue. Sina utani leo.

Upepo


Jumanne, 26 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea kati ya mashine, wenzangu wakadhani mvuke umeniingia machoni.

Nimeisoma tena na tena pale uliposema aliinamisha kichwa. Nijibu swali moja. Gari lilipopita juu ya bamba, liligonga?

Fikiri vizuri, wewe ulikuwa mdogo. Ilikuwa nyuma kushoto. Ko-ko. Mara mbili, hapohapo mtaroni, kila jioni. Sisi tupo sakafuni na daftari zetu, Baba hajulikani saa ya kurudi, abiria ndio saa. Mama anashona. Ikilia ile ko-ko, kabla gari halijazimwa, Mama ameshabandika birika. Baba akimaliza kufuta vumbi la boneti na kuingia, maji yanaimba. Miaka yote hakupiga honi pale getini hata siku moja. Alisema mke haitwi kwa honi.

Na sisi tulimcheka! Dereva asiyevumilia unyoya kwenye kiti anaacha gari ligonge kama mlango mbovu. Nilimuuliza Mama kwa nini Baba haitengenezi ile raba. Akakata uzi kwa meno, akacheka peke yake.

Umemtengenezea gari zuri mno, mdogo wangu. Umemwingiza nyumbani kwake bila hodi.

Irudishe raba ile. Na hodi ikibishwa lazima iitikiwe. Jumamosi nikifika sitaki nimkute ndani. Mtoe mapema, mzungushe. Mimi nitakuwa jikoni. Gari la hospitali litangoja kona. Ikishindikana, nitaondoka naye.

Dada yako


Jumatatu, 1 Aprili

Dada,

Jana umeondoka tumekumbatiana tu kama mabubu. Kwa hiyo nakusimulia upande wangu, na wewe unidai wako.

Barua yako ilipofika nilicheka mpaka mama jirani akaja kuniangalia. Kisha nikaanza kutafuta raba. Kuna mtu kapoteza dhahabu kwenye takataka akaitafuta vile? Nilipekua jalala zima. Nikajaribu ujanja, nikafunga spana mbili kwa kamba ndani ya buti zigongane. Nikamzungusha Baba hatua chache tu, akasema, "Kuna mtu amesahau vyombo kwenye buti." Sikio lile usilichezee.

Nilipokaa kitandani kwake kuvua viatu nimekata tamaa, nikasikia kitanda hakiyumbi. Nikapiga magoti nikachungulia, raba ya nyuma kushoto hiyo hapo, imeliwa upande mmoja. Baba alikuwa ameilalia mwenyewe siku zote hizo.

Fundi Kimya nilipomwambia ang'oe raba mpya aweke ile iliyoliwa, alinitazama muda mrefu. Akasema, "Miaka yote hii ya ufundi." Akaishia hapo. Lakini akaifunga, tena akaniapia kwamba haina hatari, shokapu itagonga tu kwenye bonde, haitatoka.

Jumamosi nilimtoa mchana. Nilipoona gari la hospitali limeegeshwa pale kona, nikabadili gia mara mbili bila sababu. Nikaingia getini taratibu.

Ko-ko.

Mkono wa Baba ulikuwa umeshafungua mlango. Kisha akasema, kama anajisemea, "Ameshasikia." Akashuka, akafuta boneti kwa mkono wa shati, upande huu, upande ule. Begi akaliacha kwenye kiti. Lile begi, Dada! Akainama dirishani, akaniambia, "Asante dereva. Kesho usichelewe."

Mimi nilibaki nje najifanya napima oili. Nilipima oili mpaka giza. Niambie ya ndani.

Upepo


Alhamisi, 4 Aprili

Mdogo wangu,

Nilikuwa nimejipanga. Nimejiambia nikisikia nitahesabu moyoni, nitabandika birika, nitafungua mlango. Lakini ilipolia, mikono ilitangulia. Birika lilikuwa motoni na mimi bado nimesimama na kitambaa nikidhani bado naliwazia.

Aliingia akatundika kofia kwenye msumari wake bila kutazama. Akavua viatu, akavipanga. Akaketi kile kiti cha karibu na dirisha, akanyoosha mguu wake mbovu. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, namimina chai, naogopa kugeuka. Nilikuwa nasubiri aniite nesi.

Akasema, "Watoto wamelala?"

Nikasema wamelala.

Akanywa. Akaniambia abiria wa leo walinisalimia, nikasema nimezipokea salamu. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Wenzangu kituoni wananisumbua. Kila siku, tengeneza ile raba, tengeneza ile raba. Nikiitengeneza, wewe utanisikiaje?"

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Usiitengeneze."

Akasema, "Siitengenezi."

Akalala akiwa amekaa palepale, mkono wake juu ya wangu. Sikuwa nesi. Sikuwa mimi pia, lakini nilikuwa mtu aliyengojwa, ikanitosha. Ndipo nikatoka kumwambia dereva wa hospitali aende na vifaa vyake, nitamkuta kesho.

Kitanda kule nimewaachia wengine. Nimeongea na mama jirani, jioni atakuja kubandika birika. Anasema kuku wake wameshazoea ile nyumba, na yeye atazoea. Kila jioni, Upepo, usiruke hata moja.

Dada yako


Jumapili, 9 Juni

Dada,

Mazishi yamekwisha, viti vya kuazima nimerudisha vyote, kimoja kimevunjika na mwenyewe anasema kilikuwa hivyohivyo, watu wema bado wapo.

Hatukupata nafasi ya kukaa, ndani kulikuwa na watu mpaka kwenye ndoo. Nilitaka kukwambia kwamba jioni ile ya mwisho tulitoka kama kawaida. Hakuwa na nguvu, nilimfunga mkanda na shuka. Hakutambua kituo, hakumpungia mtu. Nikafikiri leo hata nyumbani hatapajua. Tulipogonga bamba akafumba macho, akasema, "Haya." Basi. Alishuka kwa miguu yake, Dada. Hakuna aliyembeba. Aliingia mwenyewe, na asubuhi hakuamka.

Juzi alikuja mtu kulitaka gari. Kalizunguka, kalipanda, kasema linavuta vizuri ila nyuma kushoto kuna raba imekwisha, atairekebisha. Fundi Kimya alikuwepo. Nikafungua mdomo nipige porojo zangu za biashara, Kimya akanitangulia. Akasema, "Haliuzwi." Nimemfanya nini yule mtu, siku hizi anaongea kama redio.

Jana nilikwenda mjini nalo, nikarudi jioni peke yangu. Nikapita mtaroni. Likagonga. Na mimi mpumbavu nikazima injini nikakaa, nimeinamisha kichwa, nasikiliza jikoni. Mama jirani ameshaacha kuja, nilimwambia mwenyewe apumzike. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, nikakosa wa kumwambia.

Nyumba ni kubwa, Dada. Sikujua.

Upepo


Alhamisi, 13 Juni

Mdogo wangu,

Nimepewa likizo. Naingia kesho kutwa kwa basi la mchana. Usije kunipokea stendi, ufunguo ninao.

Wewe toka na gari, zunguka unapojua, sokoni, shule, kituoni. Jua likishuka urudi nyumbani.

Honi usipige. Nitasikia.

Dada yako